Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kumtafuta babu aliyehamia Marekani karne ya 19

Mume wangu ni mtu wa Minnesota, huku Marekani, na upande wa mama yake wote umetokana na Mnorwei mmoja aliyevuka bahari mwaka 1866. Mama mkwe alikuwa na picha yake moja, jina, na hadithi kwamba alitoka Bergen, basi. Nimehangaika na jambo hili miaka minne, usiku watoto wakishalala, na tangu niseme nimempata mpaka shamba alilozaliwa naulizwa maswali yale yale na dada zangu walioolewa huku, na wazazi ambao shule imewapa watoto wao kazi ya kuchora mti wa ukoo. Nimeyaweka hapa pamoja. Mfano wangu ni Norwei na Minnesota kwa sababu ndo ninaoujua, ila ukiwa na Mjerumani wa Iowa au Mwailandi wa Ontario njia ni hiyo hiyo, vitabu tu ndo vinatofautiana.

Nina jina na picha tu. Naanzia wapi?

Anzia kwa mzee aliye hai, leo, sio wikiendi ijayo. Usianze na huyo babu mwenyewe. Watu wengi wanachukua jina la babu wanaliandika kwenye intaneti, wanakuta mtu mwenye jina hilo hilo aliyezaliwa mwaka unaokaribiana, wanamchukua, na kuanzia hapo wanajenga ukoo wa watu wengine kabisa. Unarudi nyuma hatua moja moja, na kila kiungo kiwe na karatasi: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo, tangazo la msiba gazetini. Kiswahili chetu kimetusaidia sana hapo kwa sababu kina majina ya ngazi hizi: babu wetu ana mtoto, mjukuu, kitukuu ambaye ndo mama mkwe wangu, kilembwe ambaye ni mume wangu, na wanangu ni vining'ina. Nilichora hizo ngazi kwenye karatasi ya kalenda ya zamani nikabandika ukutani, nikaanza kujaza kutoka chini kwenda juu.

Na picha igeuze. Wapiga picha wa zamani walikuwa wanapiga mhuri wa jina na mji wao nyuma ya kadi. Mhuri wa picha yetu ulikuwa wa mji mdogo magharibi mwa Minnesota ambao hakuna mtu kwenye familia aliyewahi kuutaja, na huo mji ndo ulionionyesha nitafute kaunti gani.

Lazima nilipie?

Hapana, angalau sio mwanzoni. FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu, ni ya kanisa la Wamormoni wa Salt Lake City na hawakusumbui mambo ya dini. Hati za ardhi za serikali ya Marekani zipo mtandaoni bure. Norwei nao wameweka vitabu vyao vya kanisa na sensa kwenye tovuti inaitwa Digitalarkivet, bure kabisa, mtu yeyote duniani anafungua. Tovuti za kulipia zina faida yake, hasa kwa vitabu vya makanisa ya Kilutheri ya Marekani, lakini maktaba nyingi za miji huku zina hizo tovuti kwenye kompyuta zao, unaenda na kadi yako ya maktaba unakaa. Mimi nililipia miezi mitatu tu.

Sensa inanipa nini hasa?

Sensa ndo uti wa mgongo wa kazi yote. Marekani wamehesabu watu kila miaka 10 tangu 1790 lakini mpaka 1840 waliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni tarakimu: wanaume wangapi wa umri fulani, wanawake wangapi. Kuanzia 1850 ndo kila mtu huru ana jina lake. Sensa ya 1880 ikaongeza kitu kikubwa, kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na baba na mama yake walizaliwa nchi gani. Kabla ya hapo ukiona mwanamke wa miaka 30 kwenye nyumba usiseme ni mke, anaweza kuwa dada, mfanyakazi, au mke wa mtu mwingine aliyefikia hapo.

Ya 1900 ndo naipenda kuliko zote. Inakupa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka mingapi kwenye ndoa, mwaka aliofika Marekani, na kama ni raia: herufi "Na" maana yake ameshapata uraia, "Pa" ameanza makaratasi, "Al" bado ni mgeni. Babu yetu pale ana 1866 na "Na". Alafu kuna safu mbili za wanawake: amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Kwa bibi palikuwa pameandikwa 9 na 5. Nilivyoiona hiyo nilifunga kompyuta. Nitairudia mwishoni.

Karani alikuwa anaandika anachosikia kutoka kwa aliyemkuta nyumbani, na wakati mwingine aliyemkuta ni jirani. Kwa hiyo umri unaruka, jina linaharibika. Tafuta kwa kutumia alama ya nyota badala ya herufi usizo na uhakika nazo, au achana na jina la ukoo kabisa, tafuta jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na kaunti. Na usisahau sensa za jimbo lenyewe, Minnesota walikuwa wanahesabu wenyewe miaka ya 1865, 1875, 1885, 1895 na 1905, katikati ya zile za taifa.

Mbona sensa ya 1890 siioni?

Hutaiona. Iliharibika kwenye moto Washington Januari 1921 na mabaki yake yakaja kutupwa baadaye, majina yaliyosalia ni elfu sita na kitu tu katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 63. Ndo maana hizo sensa za jimbo za 1885 na 1895 ni dhahabu.

Jina lake limebadilika mara tatu, ni mtu mmoja kweli?

Inawezekana sana, na hapa sisi Waswahili tuna bahati kwa sababu hili jambo tunalijua tangu utotoni. Wanorwei wa vijijini hawakuwa na jina la ukoo kama Wamarekani wanavyolielewa. Mtu anaitwa Ole, baba yake Hans, basi ni Ole Hansen, yaani Ole bin Hans. Mtoto wake Peder ni Peder Olsen, bin Ole. Binti yake Kari ni Kari Olsdatter, binti Ole, na akiolewa anabaki binti Ole mpaka anakufa. Kwa hiyo baba, mtoto na mjukuu wana majina ya mwisho tofauti na hakuna aliyebadilisha chochote. Mama mkwe nilimweleza kwa kumwandikia jina la marehemu babu yangu mimi, fulani bin fulani bin fulani, akaelewa palepale, na alikuwa ameishi miaka sabini na kitu akidhani wazee wake walikuwa wanajificha kitu. (Na hili Ole la Norwei ni jina la kupewa tu, halina undugu na ole la Wamasai, nimeshaulizwa zaidi ya mara moja.)

Juu ya hapo wanaongeza jina la shamba wanaloishi, ambalo ni kama anwani. Ole Hansen akiwa kwenye shamba la Bakken anaitwa Ole Hansen Bakken, akihamia Haugen anakuwa Ole Hansen Haugen. Sasa wakifika Marekani wanaambiwa chagua moja, ndugu mmoja anachukua Hanson, mwingine anachukua Bakken, wa tatu anatumia la shamba alilofanyia kazi mwisho, na watoto wao wanakua hawajui kama ni ndugu. Norwei kwenyewe sheria ya kila familia kuwa na jina moja la kudumu imekuja 1923 tu.

Kitu kingine cha kukusaidia: mtoto wa kiume wa kwanza kwa kawaida anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Mkikuyu yeyote akisoma hapa anacheka maana ni kama kwao. Sio sheria ya chuma, lakini ukiona mtoto wa kwanza wa babu yako anaitwa Anders na wewe umemng'ang'ania baba aitwaye Lars, simama kwanza ufikirie upya.

Wanasema jina lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island. Na meli yake naipataje?

Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, imefunguliwa 1 Januari 1892. Babu aliyefika 1866 hakuiona. Na hata kwa waliopitia hapo, maofisa walikuwa wanasoma orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli kule walikotokea, hawakuwa wanatunga majina. Wengi majina waliyabadilisha wenyewe taratibu wakiwa shuleni, kanisani, dukani.

Kabla yake New York walikuwa na Castle Garden, kuanzia 1855. Mimi nilitafuta huko miezi mingi bila kupata hata harufu, yaani nilikuwa natafuta bandari ambayo siyo. Baada ya Waingereza kufuta sheria zao za zamani za meli mwaka 1849, meli za Norwei ziliruhusiwa kushusha mizigo kwenye makoloni yao, kwa hiyo zikawa zinapeleka watu Quebec zinarudi zimejaza mbao. Nauli ikawa nafuu. Wanorwei wengi sana wa miaka ya 1850 na 1860 wameingia Marekani kwa kupitia Canada, kwa mashua na treni mpaka kwenye Maziwa Makuu ya Amerika, na mpakani hakuna aliyewaandika. Orodha za abiria wa Quebec zilizohifadhiwa zinaanza 1865. Aliyepita miaka ya nyuma ya hapo huwezi kumpata kwa njia hiyo, usijiumize.

Na usiihusudu sana hiyo meli. Watu wanataka jina la meli kwa sababu ni zuri kusimulia, ila orodha ya abiria mara nyingi inasema "Norwei" tu bila kijiji. Karatasi za shamba zitakufaa zaidi.

Hizo karatasi za shamba ni zipi?

Abraham Lincoln alisaini sheria ya ardhi ya bure tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kazi 1 Januari 1863. Mtu mwenye miaka 21 au mkuu wa familia, awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, na asiwe ameshika silaha dhidi ya Marekani, anachagua ekari 160 za serikali, anaishi hapo miaka 5, analima, anajenga, alafu anapewa hati akilipa ada ndogo tu. Aliye na haraka angeweza kununua baada ya miezi sita kwa dola 1.25 kwa ekari. Mwanamke asiye na mume naye aliruhusiwa, hilo wengi hawalijui.

Hati yenyewe unaipata bure mtandaoni kwenye kumbukumbu za idara ya ardhi ya serikali, unaandika jina na jimbo. Itakuonyesha mahali: nchi ilipimwa kwa miraba, mraba mkubwa wa maili 6 kwa 6 una vipande 36, kila kipande ekari 640, na robo ya kipande ndo hizo 160. Ikisema robo ya kaskazini-magharibi ya kipande cha 14, unaweza kusimama kwenye ile kona kwa miguu yako. Sisi tulisimama. Ni shamba la mahindi la mtu mwingine sasa, lina mti mmoja.

Lakini hati ni ukurasa mmoja tu. Kilichojaa utajiri ni faili la maombi lililo nyuma yake, lipo kwenye Nyaraka za Taifa Washington, unaagiza kwa kulipia. Letu lilikuja na kurasa ishirini na kitu. Ndani kuna maneno yake mwenyewe aliyoapa: nyumba ya magogo futi 14 kwa 16, mlango mmoja, dirisha moja, zizi, kisima, ekari 30 zilizolimwa. Kama alikuwa mgeni humo humo kuna nakala ya karatasi zake za uraia. Na kuna mashahidi wawili, majirani walioapa kwamba wamemwona akiishi hapo. Yashike majina ya hao mashahidi.

Hata aliyeshindwa akaacha shamba, mara nyingi faili la ombi lake lililofutwa bado lipo, ila halitakuja kwenye utafutaji wa hati kwa kuwa hati hakupewa.

Ardhi ya bure, ilikuwa ya nani kabla?

Ya Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa kwetu. Nakataa kuandika historia ya huyu babu nikaruka hili. Kwa mikataba ya 1851 walilazimishwa kutoa karibu ekari milioni 24 za kusini mwa Minnesota, malipo yakacheleweshwa na kuliwa na wafanyabiashara, njaa ikaingia, vita vikalipuka Agosti 1862, na tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 wa Dakota walinyongwa kwa pamoja mji wa Mankato. Mwaka uliofuata Wadakota wakafukuzwa Minnesota. Miaka mitatu baadaye babu yetu akashuka melini. Tarehe ziko karibu hivyo. Kwenye ule mti wa ukoo wa ukutani nimeandika na hilo, kwa kalamu ile ile, na mwanangu mkubwa ndo alikuja kumuuliza mwalimu wake.

Karatasi za uraia zinasema alimkana Mfalme wa Sweden. Kumbe alikuwa Mswidi?

Hapana. Kuanzia 1814 mpaka 1905 Norwei na Sweden zilikuwa chini ya mfalme mmoja, kwa hiyo Mnorwei anayeomba uraia anaapa kumkana Mfalme wa Sweden na Norwei, na karani mvivu anaandika Sweden peke yake. Angalia nchi ya kuzaliwa kwenye sensa.

Pia ujue kabla ya Septemba 1906 uraia ungeweza kuombwa kwenye mahakama yoyote, ya kaunti, ya jimbo, ya taifa, na karatasi ya kwanza ikatolewa Wisconsin wakati ya mwisho ikatolewa Minnesota. Za zamani hazina vitu vingi. Mke na watoto wadogo walipata uraia kupitia kwa baba kwa hiyo bibi usimtafute kivyake.

Nimepata watu wanne wenye jina moja kaunti moja. Nitajuaje wangu ni yupi?

Karibu kwenye kazi yenyewe. Hili ndo swali ninalolipenda na jibu lake ndo kitu kimoja ningependa ukichukue hapa hata ukisahau mengine yote: acha kumtafuta yeye, tafuta watu waliomzunguka.

Hakuna aliyesafiri peke yake. Watu walihama kama sisi tunavyohama, mmoja anatangulia anaandika barua, mdogo wake anafuata, anafuata shemeji, anafuata mtoto wa jirani, mpaka unakuta usharika mzima wa Norwei umehamia kata moja ya Minnesota na wamejenga kanisa lao na wanaongea lafudhi yao ya kijijini. Angalia dada zetu wa Minneapolis, nani alikupokea airport? Ni mtu wa kwenu. Kwa hiyo mashahidi wa shamba, wazazi wa ubatizo wa watoto wake, majirani watano juu na watano chini kwenye ukurasa wa sensa, aliyezikwa pembeni yake, hao ndo watakupeleka nyumbani.

Kwangu ilikuwa hivi. Babu yetu hakuacha jina la kijiji popote, tulikuwa na hilo neno Bergen tu na Bergen ni mji na bandari, mtu wa mkoa mzima anaweza kusema ametoka Bergen kama vile mtu wa Rufiji anavyokuambia huku ametoka Dar. Shahidi wa pili kwenye faili la shamba alikuwa na jina la shamba lisilo la kawaida. Nikamfuata yeye badala ya babu. Alikufa 1911, gazeti la Kinorwei la huku likaandika tanzia yake na likataja usharika aliozaliwa. Nikafungua kitabu cha usharika huo, orodha ya waliohama, masika ya 1866: yuko shahidi, na mstari wa tatu chini yake yuko Ole Hansen wetu, umri miaka 25, anakwenda Amerika. Nilimwamsha mume wangu saa nane usiku.

Hivyo vitabu vya kanisa vya Norwei mtu asiyejua Kinorwei anasoma vipi?

Unajifunza maneno kama ishirini tu: kuzaliwa, kubatizwa, kufa, ndoa, wazazi, shamba. Maandishi ndo magumu kuliko lugha, ni ile herufi ya zamani ya Kigothi, unahitaji jicho lizoee. Anza na padri mwenye mwandiko mzuri, soma kurasa kumi bila kutafuta mtu wako. Safu zimepangwa karibu sawa tangu miaka ya 1810 na kitu, kwa hiyo ukishajua safu ya tatu ni nini unajua kwenye vitabu vyote.

Kama wewe ni Mlutheri wa KKKT utajikuta uko nyumbani, ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Kipaimara kilikuwa lazima kwa sheria na kijana wa miaka 15 hivi anaandikwa shamba lake, wazazi wake, na tarehe aliyochanjwa ndui, kwa sababu bila chanjo hakuna kipaimara wala ndoa. Babu yetu alichanjwa akiwa na miaka mitatu. Mtu wa 1841, na tarehe yake ya chanjo ninayo, mimi ya kwangu sina.

Angalizo la tarehe: ukiona 7ber usisome Julai. Ni Septemba, saba ya Kilatini, na 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, Xber Desemba. Sisi tunaosema saa moja wakati saa ya ukutani inaonyesha saba hatuwezi kulalamika. Na huko siku inaanza, mwezi unafuata, kinyume cha Wamarekani.

Sensa za Norwei zenye majina ya kila mtu zipo za 1801, 1865, 1875 na kuendelea. Kwa aliyeondoka 1866 ile ya 1865 ni kama picha ya mwisho, inakuambia alikuwa kwenye nyumba gani, na shamba lina ng'ombe wangapi, kondoo wangapi, wamepanda shayiri kiasi gani na viazi. Kwao walikuwa na ng'ombe wawili. Baba yake alikuwa mpangaji kwenye ardhi ya mtu, anailipia kwa kufanya kazi. Ukiweka hiyo pembeni ya ekari 160 hauulizi tena kwa nini aliondoka.

Wilaya nyingi zina pia vitabu vya historia ya mashamba na koo zake, vinaitwa bygdebok. Madison, Wisconsin kuna maktaba ya nasaba za Wanorwei wa Amerika, wanavyo vingi mno.

Kama mtu ninayemtafuta ni mweusi aliyekuwa mtumwa?

Walowezi weusi walikuwepo, mji wa Nicodemus huko Kansas umeanzishwa 1877 na watu waliotoka utumwani Kentucky, na 1879 maelfu wakahamia Kansas. Sensa ya 1870 ndo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Nyuma ya hapo, 1850 na 1860, orodha za watumwa zina jina la mwenye kuwamiliki, na wao ni umri, jinsia na rangi, bila jina. Kwa hiyo inabidi umfuate huyo mmiliki, wosia wake, mirathi, mauzo, pamoja na karatasi za ofisi ya serikali iliyosaidia walioachiwa huru, 1865 mpaka 1872, na zile za benki yao. Inauma kusoma mtu kaandikwa kati ya nyumbu na samani, jiandae moyo.

Na wa Canada, na Waailandi?

Canada walikuwa na sheria yao ya ardhi, 1872, ekari 160 hizo hizo kwa ada ya dola 10 na kukaa miaka 3. Sensa yao ya 1901 inatoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Ailandi ni pagumu kwa sababu sensa zao za 1821 mpaka 1851 karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922, na za 1861 mpaka 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe, kwa hiyo watu wanategemea orodha ya kodi ya ardhi ya Griffith ya 1847 mpaka 1864 na vitabu vya parokia.

Nipime DNA?

Ukishafanya ya karatasi. DNA haikupi jina, inakupa orodha ya watu mnaohusiana, na bila mti hujui mmeungana wapi. Binamu wa ngazi ya tatu (yaani nyote ni vilembwe wa mtu mmoja), mmoja kati ya kumi hivi haonyeshi kuhusiana na wewe kabisa ingawa ni ndugu wa kweli. Mpime mzee kwanza, sisi tulimpima mama mkwe, maana yuko karibu na babu kuliko sisi. Watoto wangu sijawapima na sitawapima, wakikua wataamua wenyewe.

Kuna mti mtandaoni umempeleka mpaka kwa mfalme wa Waviking, niuchukue?

Usiuchukue. Bofya uone karatasi iko wapi, utakuta umenakiliwa kutoka mti mwingine ulionakiliwa kutoka mwingine.

Na wanawake? Bibi hana jina popote, ni "mke wa Ole".

Wanawake wamefichwa na wanahitaji subira zaidi. Usitafute kwenye ardhi wala uraia, tafuta kanisani: kitabu cha ndoa cha kanisa la Kilutheri la huku, ubatizo wa watoto wake maana ndugu zake ndo wanaosimama kama wazazi wa ubatizo, cheti cha kifo cha mtoto wake wa mwisho ambacho kinataja jina la mama. Bibi yetu alipatikana hivyo, binti Anders, ametoka usharika wa jirani na wa mumewe, amevuka miaka miwili baada yake na dada yake.

Na zile tarakimu, 9 na 5. Kwenye kitabu cha maziko cha kanisa lao nilikuta wanne, ukurasa mmoja, Novemba na Desemba 1880, dondakoo. Miaka saba, mitano, mitatu, na kichanga. Siku kumi na sita kati ya wa kwanza na wa mwisho. Watoto wawili waliozaliwa baadaye walipewa majina ya waliokufa, desturi ilikuwa hivyo, na ndo sababu kwenye familia kulikuwa na ubishi wa miaka kuhusu mwaka wa kuzaliwa wa Anders, kumbe Anders walikuwa wawili.

Makaburini pale kuna mawe manne madogo hayana maandishi, mama mkwe alikuwa anayaona tangu mtoto na hakuna aliyewahi kumwambia ni ya nani. Nilimpa karatasi yenye majina manne. Aliyasoma kwa sauti, taratibu, akayarudia, akauliza yule wa miaka mitano alizikwa tarehe ngapi.